Atajenga Wapi?

Ndani ya miaka sita, wanawake wa nchi hii tuliambiwa na Ikulu mambo mawili kuhusu matumbo yetu. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza Tanzania Bara, Rais John Magufuli alisema wanawake sasa wanaweza kuvitupa vidonge vya majira, maana kusoma ni bure. Septemba 2018, Meatu mkoani Simiyu, akasema wanaopanga uzazi ni wavivu wasiotaka kufanya kazi wakalisha watoto wao. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikaagiza matangazo ya uzazi wa mpango ya mradi uliofadhiliwa na Marekani yasimamishwe redioni na kwenye televisheni. Julai 2019, nyumbani kwake Chato, akawataka wanawake wayaachie mayai yao, na akatoa mfano wa China: watu wengi, uchumi mkubwa. Machi 2021 akafariki. Mwaka uliofuata, rais aliyempokea, Samia Suluhu Hassan, mwanamke, mama, mtoto wa Makunduchi hapa hapa Unguja, alikuwa ziarani Geita akawaambia watu wapunguze kasi ya kuzaa, kwani madarasa na zahanati hazitatosha.

Zaeni. Punguzeni. Kati ya amri ya kwanza na ya mwisho mtoto amezaliwa, amenyonya, ameota meno, ya mbele yameng'oka, na yuko darasa la kwanza. Humrudishi tumboni kwa sababu Ikulu imebadilisha mawazo.

Ukituuliza sisi wa Kendwa ni amri ipi tuliyoifuata, jawabu ni kwamba hatukufuata hata moja. Kisheria zisingetuhusu sana: afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake. Lakini redio haijui mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano, na maneno yale tuliyasikia sote, barazani, jikoni, ndani ya daladala la 116. Wanaume wakacheka. Wanawake wakanyamaza, wakaendelea kwenda kituo cha afya siku ya sindano, au wakaendelea kutokwenda, kama walivyokuwa kabla ya hotuba. Sijapata kumuona mwanamke aliyebeba mimba kwa ajili ya Meatu, wala aliyeacha kubeba kwa ajili ya Geita.

(Mfano wa China, kwa njia, ulikuwa na kichekesho ndani yake. Nchi hiyo iliwawekea mamilioni ya raia wake sheria ya mtoto mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi 2015, na ni katika miaka hiyo hiyo uchumi wake ulipopaa. Huo ulikuwa ukatili, na sitamani uje kwetu. Lakini mtu akitaka kutuhubiria kuzaa kwa kutumia China, angalau aisome China.)

Nasema hivi: siasa kweli ndizo zinazoamua tuzae wangapi, ila hazifanyi kazi hiyo jukwaani. Zinaifanya kwenye ramani ya ardhi, kwenye mkataba wa hoteli, kwenye rafu ya dawa, kwenye kifungu cha sheria ambacho hakuna aliyekusomea. Mume na mke wa Kendwa wanapozungumza usiku kwa sauti ya chini ili wa chumba cha pili wasisikie, hawaulizani "tuzae wangapi?" Wanaulizana "atajenga wapi?"

Bibi yangu mzaa mama alizaa tisa, akazika watatu. Najua baadhi yenu mmeshatikisa vichwa. Subirini kwanza. Kendwa ya ujana wake ilikuwa kijiji cha mawe, minazi na ngalawa. Udongo mzito wa mikarafuu haupo kwetu. Sisi tuna uwanda, vichaka juu ya mawe ya matumbawe, na vishimo vya udongo katikati yake. Mtu akitaka kulima hufyeka konde, akapanda muhogo, mtama na choroko, akalitumia misimu miwili mitatu, akaliacha lipumzike, akafyeka jingine. Konde halikununuliwa. Ukiwa mtoto wa kijiji ulikwenda kwa wazee ukaoneshwa. Na kiambo, eneo la ukoo, kilikuwa na nafasi: kijana akioa alijenga nyuma ya baba yake, nyumba ya udongo na makuti, jirani wakisaidia. Babu alitega madema. Bibi na wanawake wenzake walifukia makumbi pwani, wakayafukua baada ya miezi, wakayaponda na kusokota kamba. Katika nchi ya namna hiyo mtoto wa tisa ni mikono miwili zaidi, na hana gharama ya kiwanja. Mtoto wa tisa pia ni bima, ikiwa watatu wanaweza kufa kwa homa kabla hawajatahiriwa. Tisa ilikuwa hesabu, na hesabu ile ilikuwa sahihi.

Kisha siasa zikabadilika, na hesabu ikabadilika bila hotuba. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ikawa mali ya serikali. Zaidi ya familia 20,000 zikagaiwa eka tatu tatu, nyingi zikiwa kwenye yaliyokuwa mashamba makubwa ya karafuu na minazi. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo elimu ikatangazwa kuwa bure, na matibabu nayo yakafuata. Siyapambi Mapinduzi, kwa watu wengi wa visiwa hivi yalikuwa msiba, na yapo mengine nitayataja mbele. Nasema tu kilichotokea ndani ya nyumba moja ya Kendwa. Mama yangu akapelekwa skuli. Aliporudi saa saba hakuwa tena na asubuhi ya kuponda makumbi. Alipoolewa akazaa watano, na watano wote tuko hai. Hakuna rais aliyemhutubia apunguze kutoka tisa. Alipunguza kwa sababu watoto wake hawakufa na kwa sababu kila mmoja alihitaji sare, viatu na daftari. Serikali ilimfanyia kazi, naye akafanya hesabu yake mwenyewe.

Ningependa hadithi iishie hapo, kila mtu afurahi. Haikuishia hapo.

Mwaka 1984 Zanzibar ilianza kufungua milango ya biashara, na miaka ya 1990 milango hiyo ikafika pwani yetu. Ufukwe wa Kendwa, ambao kwa bibi ulikuwa mahali pa kufukia makumbi na kuanika dagaa, ukagunduliwa kuwa ni mzuri. Mchanga ule ule. Machweo yale yale. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ikakariri kwamba ardhi ni ya umma chini ya Rais, sisi tuna haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo mwekezaji alipokuja, fidia haikuwa ya ardhi, maana ardhi haikuwa yetu. Ilikuwa ya kilichoota juu yake. Babu alihesabiwa minazi kumi na saba. Akalipwa minazi kumi na saba. Alisaini kwa kidole gumba, akanunua baiskeli, redio na mabati, na kijijini akaonekana ametajirika. Hakuna aliyemwambia kwamba alichokiuza ni vyumba vya wajukuu zake.

Leo pale pana ukuta, na nyuma ya ukuta pana bwawa la kuogelea, hatua arobaini kutoka baharini. (Mpaka leo sijaelewa bwawa lile ni la nini.) Mikataba ya kukodi ardhi za hoteli huandikwa kwa miongo ya miaka. Mtoto atakayezaliwa leo ataota ndevu, ataoa na kupata wake, na mkataba utakuwa bado unapumua. Sikatai kwamba hoteli zimeleta riziki. Mume wangu anapeleka wageni Mnemba kwa boti. Chakula chetu kinatoka kwa wageni hao, na mabati ya skuli ninayofundisha yamechangiwa nao. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 736,000. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569. Ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Watu wameongezeka, wageni wameongezeka, ardhi haijazaa. Na kipande kilichobaki, kile cha nyuma ya barabara kilichokuwa konde la muhogo, bei yake sasa inatajwa kwa dola. Mshahara wangu wa ualimu unatajwa kwa shilingi.

Sheria zetu za uwekezaji zinamfungulia mgeni mwenye dola 100,000 anunue nyumba katika mradi ulioidhinishwa, na pamoja na nyumba apate kibali cha kuishi. Mimi sina ugomvi na mgeni huyo. Nauliza tu: mzaliwa naye amefunguliwa mlango gani? Mgeni ameahidiwa mahali pa kulala na serikali ile ile inayoniambia mimi watoto wangu hawatatosha madarasani.

Tuna mtoto mmoja, ana miaka minne. Tunaishi kwa wakwe zangu, chumba cha uani, na shemeji zangu wawili na wake zao wako vyumba vya mbele. Nilipojifungua nilirudi kwa mama kukaa arobaini yangu, kama inavyotakikana, na nyumba ya mama ilikuwa imejaa kiasi kwamba kaka yangu alilala barazani siku zote arobaini. Mwezi uliopita mama aliniuliza tena.

"Mwanangu, huyu mmoja atacheza na nani?"

"Mama, wa pili nitamlaza wapi?"

"Sisi tulilala sita chumba kimoja. Mbona tumekua?"

"Mlilala sita, lakini nje kulikuwa na kiambo. Mlijua mtatoka. Huyu atatoka kwenda wapi?"

Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Shoga yangu mmoja alikuwa mpokea wageni kwenye hoteli moja ya ukanda wetu. Mkataba wake ulikuwa wa msimu kwa msimu: wageni wakipungua wakati wa masika, wafanyakazi hupumzishwa, Juni huitwa tena. Tumbo lake lilipoanza kuonekana, Juni ilifika na simu haikulia. Hakufukuzwa. Hakuna barua, hakuna neno baya, hakuna kitu cha kumpelekea afisa wa kazi. Sheria ya likizo ya uzazi tunayo. Yeye hakuikuta, kwa sababu sheria inamlinda aliyeajiriwa na yeye alikuwa anasubiri kuitwa. Wasichana watatu waliokuwa chini yake waliona. Wawili kati yao, naambiwa, walikwenda kuweka kijiti mkononi ndani ya mwezi ule. Hilo ndilo tangazo la uzazi wa mpango lenye nguvu kuliko yote niliyowahi kuyaona, na hakuna waziri anayeweza kulisimamisha.

Nimesema yapo mambo nitayataja. Serikali za visiwa hivi hazikuishia kuamua kwa ardhi tu. Zimewahi kuingia chumbani zenyewe. Septemba 1970 wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na Rais Abeid Karume akalitetea jambo hilo kwa hoja ya kuchanganya watu wa makabila na asili mbalimbali. Yaani watoto ambao hawajazaliwa walikwishapewa kazi ya kisiasa, na mama zao wakafanywa chombo cha kuwaleta. Mwaka 1985 ikapitishwa sheria iliyojiita ya kuwalinda wanawake wasioolewa, wajane na walioachwa. Ilimlinda vipi? Mwanamke asiye na mume akishika mimba alifungwa jela. Kwa miaka ishirini kulikuwa na wasichana wa Unguja na Pemba waliokuwa wakipima mambo mawili, kuzaa na kufungwa au kutafuta mtu wa kuitoa gizani. Sheria hiyo ikafutwa mwaka 2005, kifungo kikaondoka, ikaja adhabu ya kuitumikia jamii. Hadi leo nikimsikia mwanasiasa akisema "kumlinda mwanamke" natafuta mlango.

Bara nako, Juni 2017, rais alitangaza kwamba msichana akipata mimba harudi skuli ya serikali maadamu yeye yupo madarakani. Ilikuwa hivyo hadi Novemba 2021. Pangeni sasa sauti hizo pamoja: kiongozi yule yule aliyewaambia wanawake waachie mayai alimfukuza skuli binti ambaye yai lake liliachiwa mapema. Zanzibar ilikuwa tayari inawaruhusu wasichana kurudi, na hilo nalipongeza bila ya kinyongo. Nimewafundisha wawili. Mmoja anakaa mstari wa mbele, na saa nne anatoka kwenda kunyonyesha.

Ikiwa mnadhani haya ni malalamiko ya kijiji, nendeni mjini Michenzani mkaangalie yale majumba marefu ya maendeleo. Yalichorwa na kuanzwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa rafiki mkubwa wa Zanzibar baada ya Mapinduzi. Kuna kitu kuhusu nchi hiyo ambacho hatukufundishwa. Mwaka 1989, ukuta wa Berlin ulipoanguka, walizaliwa huko watoto karibu 200,000. Mwaka 1994 walizaliwa chini ya 80,000. Hakukuwa na vita, wala njaa, wala rais aliyesema msizae. Kilichoanguka ni mpangilio wa maisha: kazi ya uhakika, nyumba ya mgao, chekechea ya bure. Watu walipata uhuru walioutaka, na wakati huo huo wakapoteza jawabu la swali letu lile la Kendwa. Wakaacha kuzaa mpaka walijue. Wajerumani hao ndio waliotusaidia kujenga nyumba za kuwapa watu bure, na kwangu mimi ile ilikuwa siasa ya uzazi kuliko hotuba yoyote: serikali ilimwambia Mzanzibari kwamba mtoto wake atakuwa na pa kulala. Majumba yamechakaa, mabomba yanavuja, na hatujapata tena ahadi ya ukubwa ule.

Na siasa hazihitaji hata kuwa zetu. Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa. Katika ghala moja huko Geel, Ubelgiji, vilikuwapo vijiti, sindano, vitanzi na vidonge vya thamani ya dola milioni 9.7, vimeshalipiwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi vilizokusudiwa kwenda. Serikali ya Marekani ikaamua viteketezwe. Havikuwa vibovu wala havijaisha muda. Mashirika yalijitolea kuvichukua na kuvisafirisha kwa gharama zao, yakakataliwa. Mwanamke wa Kaskazini Unguja aliyepanga kungoja miaka mitatu anaweza kuingia kituo cha afya akaambiwa rudi wiki ijayo, na wiki ijayo akaambiwa rudi mwezi ujao, kisha mtoto wake ataitwa "wa bahati mbaya". Bahati gani? Uamuzi una tarehe na saini.

Uchaguzi je? Nitalipitia haraka kwa sababu kila Mzanzibari analijua. Januari 2001 watu waliuawa kwenye maandamano, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 28, 2015 matokeo yalifutwa, tukangoja mpaka Machi 20, 2016 kurudia. Mtaani kwetu harusi mbili ziliahirishwa katika miezi hiyo mitano. Daktari hatakuandikia, lakini bibi yeyote wa Unguja atakwambia usipange kujifungua Oktoba ya uchaguzi.

Sasa nije kwenu wasomaji wenzangu, mliosoma na mnaolipia intaneti. Nayaona maneno yenu. "Maskini wanazaa ovyo." "Kwa nini mtu azae asichoweza kukilea?" Mnazungumza kama marais wale, mmebadilisha jukwaa tu. Zanzibar mwanamke bado anazaa, kwa wastani, karibu watoto watano, na wanaotumia njia za kisasa za kupanga uzazi ni wachache kuliko Bara. Mkiona hivyo mnasema hawajaelimika. Mimi nakaa nao. Yule jirani yangu mwenye watoto saba si mjinga. Hana pensheni, hana kiwanja, hana akaunti. Ana matumaini kwamba kati ya saba mmoja ataajiriwa hotelini, mmoja atapata mchumba wa Kizungu, mmoja atakwenda Oman, na mmoja atabaki kumzika. Mimi mwenye mmoja na yeye mwenye saba tumeulizwa swali moja, atajenga wapi. Mimi nimejibu kwa hofu, yeye amejibu kwa bahati nasibu. Kati yetu hakuna aliyechagua kwa raha.

Wazee nao wananiambia kila mtoto huja na riziki yake. Naamini, wallahi. Mtoto wangu alikuja na yake: mwezi aliozaliwa baba yake alipata kazi ya boti. Lakini riziki ni ya Mungu, na ramani ya viwanja ni ya serikali. Mzee akinijibu suala la ramani kwa kutumia riziki anamsukumia Mungu kazi ya idara.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa nyuma ya tiketi ya daladala. Katika kila eneo la pwani linalokodishwa kwa mwekezaji, kipande kipimwe kwa ajili ya waliozaliwa hapo, kiwe na hati, kisiuzwe kwa mtu wa nje, na kigaiwe kwa wanawake kwa majina yao kama kinavyogaiwa kwa wanaume. Fidia ihesabu ardhi, isiishie kuhesabu minazi. Mkataba wa msimu ufuatwe na likizo ya uzazi popote unapokwenda. Dawa za kupanga uzazi zinunuliwe kwa bajeti yetu wenyewe, ili tusilale tukisubiri Washington imeamkaje. Na viongozi, wa zaeni na wa punguzeni, watupumzishe kidogo. Mkijenga ndani ya hayo manne, nyamazeni kabisa. Tutawashangaza kwa hesabu zetu.

Mwaka huu wa tano mume wangu ananunua matufali, kumi kumi, kila boti ikijaa wageni. Ameyapanga kando ya chumba chetu cha uani, yamefika kiunoni. Mengine yameshaota ukungu wa kijani. Mtoto anayapanda, anasimama juu, anatangaza kwamba hiyo ndiyo nyumba yake.